Kijana wa Dirishani

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 20, Mtakatifu Luka asimulia habari ya kijana mmoja ambaye Wakristu wengi hawajapata kuhubiriwa juu yake, maana habari yenyewe ni fupi na kwa kawaida hupitwa haraka. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, katika mji wa Troa. Waamini walikuwa wamekusanyika katika chumba cha juu, orofa ya tatu, ili kuumega mkate. Mtume Paulo alikuwa asafiri kesho yake, na kwa hiyo akaendelea kuwafundisha hata usiku wa manane. Taa zilikuwa nyingi mle chumbani, na bila shaka joto na moshi vilikuwa vingi pia. Kijana mmoja, jina lake Eutiko, alikuwa ameketi dirishani. Usingizi ukamlemea, akaanguka toka juu mpaka chini, akaokotwa amekufa.

Mhubiri alinyamaza. Luka hasemi kwamba Paulo aliwatuma wengine waende kuangalia, wala kwamba alimaliza fundisho lake kwanza. Alishuka yeye mwenyewe, akamwinamia yule aliyelala chini, akamkumbatia, akawatuliza watu akiwaeleza kwamba uhai bado umo ndani yake. Ndipo akapanda tena orofani, akaumega mkate, akazungumza nao hata mapambazuko. Kijana akarudishwa kwao akiwa mzima, na watu wakafarijika sana.

Jina Eutiko kwa Kiyunani maana yake ni mwenye bahati njema. Tena lipo jambo jingine la kuangaliwa. Katika lugha aliyoandikia, Luka amwita kwanza kijana, na mwisho wa habari amwita mtoto. Mwana huyu alikuwa katika umri ule ambao mtu si mtoto tena wala hajawa mtu mzima; asubuhi adai aachwe atende apendavyo, na jioni ahuzunika kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kama amekula. Na mahali alipoketi palifanana na umri wake. Hakuwa nje, wala hakuwa ndani.

Wazazi na walimu wa dini, vijana wetu wa dirishani mnawajua kwa majina. Mtoto amefundishwa katekisimu, amepokea Komunyo ya kwanza, Askofu amempaka Krisma, picha zimepigwa na pilau imeliwa. Baada ya miezi sita yuko chini ya mwembe wakati wa Misa, ameegemea pikipiki ya mwenzake, simu mkononi. Kengele ya mageuzo ikilia husogea mpaka mlangoni, labda kwa sababu mama yake aweza kugeuka akatazama. Kisha hurudi chini ya mwembe. Hajaliacha Kanisa. Lakini hakuna amwulizaye kwa nini hayumo ndani. Watoto wadogo wana Utoto Mtakatifu, akina mama wana WAWATA, Legio ya Maria ina viongozi wake, na VIWAWA mara nyingi wamejaa watu waliokwisha kumaliza shule na kuanza kazi. Aliye na miaka 14, 15, au 16, ambaye sauti yake yavunjika na viatu vyake havimtoshi kila baada ya mwezi, ni wa nani katika parokia? Katika parokia nyingi ni wa mwembe.

Kisha siku moja huanguka, na kuanguka kwenyewe hakufanani. Mmoja akutwa na bhangi bwenini. Mwingine ameuza mahindi ya baba yake kwa siri apate fedha za kubeti, naye hajafikia miaka 18 itakiwayo na sheria. Binti wa kidato cha pili ana mimba. Mwingine hakufanya kosa lo lote. Amejifungia tu chumbani, hali, hasemi, na mikononi ana alama za wembe azifichazo kwa shati la mikono mirefu. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye aliyeumia kuliko wote, naye ndiye asiyetajwa, kwa kuwa hakuharibu mali ya mtu wala hakulitia jina la ukoo aibu.

Neno tulisikialo mara nyingi ofisini mwa paroko ni hili: "Padre, mtoto huyu amenishinda." Hulisema mama, huku mwana mwenyewe amesimama karibu na mlango akitazama sakafu. Twaliheshimu neno hilo, maana lasemwa na mtu aliyekwisha kulia sana nyumbani. Walakini ni neno la kufikiriwa. Mtu hushindwa na yule aliyekuwa akishindana naye. Laonyesha kwamba nyumbani palikuwa na vita, na kwamba mzazi amechoka kupigana, sasa ataka jemadari mwingine aendelee. Padre aombwa amtishe kijana kwa moto wa milele, au amtafutie nafasi katika shule ya bweni ya masista, au amchape. Wako hata wazazi wanaompeleka mtoto kituo cha polisi na kuomba alale mahabusu usiku mmoja apate adabu. Huko mahabusu apata walimu kweli, ila si wale ambao mzazi angewachagua.

Juu ya fimbo hatutasema mengi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walisema kweli. Lakini kukunja si kuvunja, na mtoto wa miaka 16 si mbichi tena. Kiboko humfundisha jambo moja kwa hakika, nalo ni kujificha vizuri zaidi.

Juu ya kufukuza twataka kusema zaidi, kwa kuwa jambo hili latendeka ndani ya nyumba ya Mungu, nasi tumelizoea hata twaliona kuwa ni utaratibu mwema. Binti wa kwaya apata mimba. Jumapili inayofuata aambiwa arudishe sare. Jina lake latajwa mkutanoni. Au, kama viongozi wana huruma kidogo, hakuna asemaye neno, ila watu wasogea kwenye benchi wakimwachia nafasi kubwa kushoto na kulia. Kijana aliyempa mimba, ikiwa naye ni mwanakwaya, aendelea kupiga kinanda. Twasema "ikiwa", lakini wasomaji wetu wengi wamekwisha kuyaona hayo kwa macho yao.

Wenye kuitetea desturi hiyo wana hoja, wala hatuidharau. Wasema kwamba dhambi ya hadharani ni kwazo. Kwamba mabinti wengine wataiona si kitu. Kwamba kwaya huongoza ibada, na aongozaye ibada yampasa awe kielelezo. Ni kweli kwazo lipo. Bwana wetu mwenyewe alisema maneno makali mno, akitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari, juu ya mtu awakwazaye wadogo. Lakini tuangalie vema ni nani mdogo katika habari hii. Katika mkutano ule wa kwaya, mdogo ni yule mwenye miaka 15 akunjaye sare yake na kuiweka mezani mbele ya watu wazima 20. Na mara nyingine, tusifumbe macho, aliyempa mimba si mwanafunzi mwenziwe bali mtu mzima, na hapo binti hakutenda dhambi ya hadharani, bali alitendewa uovu ambao sheria za nchi zauadhibu vikali. Kamati haikuuliza hilo. Iliuliza habari za sare.

Tena Kanisa lina sheria yake juu ya adhabu, wala halikuikabidhi kamati ya kwaya. Kanuni ya 1323 katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa yaeleza kwamba mtu asiyetimiza miaka 16, hata akivunja sheria, hapatwi na adhabu ya Kanisa. Na kanuni inayofuata yaagiza kwamba aliyetimiza miaka 16 lakini hajafikia 18 apunguziwe adhabu, au apewe malipizi badala yake. Mama Kanisa, ambaye adui zake humwita mkali, amemhurumia mtoto kuliko tunavyomhurumia sisi tuliocheza naye tangu utotoni. Hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Mahali pake ni katika Sakramenti ya Kitubio, ambapo binti huyo ataungama kama tuungamavyo sisi sote, kwa siri, na kuondolewa. Sakramenti ya kurudisha sare hatuijui.

Yafaa tukumbuke pia kwamba tangu mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ya Tanzania imewaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya mimba warudi katika shule zake baada ya kujifungua. Itakuwa aibu kwetu ikiwa binti atakuta darasa limemfungulia mlango, na jukwaa la kwaya limemfungia.

Basi turudi Troa. Paulo alikuwa na udhuru wote wa kutoshuka. Alikuwa amebakiwa na usiku mmoja tu wa kukaa na Wakristu wale. Alikuwa hajaumega mkate bado. Na kijana mwenyewe alisinzia wakati wa mahubiri, kosa ambalo sisi mapadre twaliona kubwa kuliko lilivyo. Angaliweza kusema, na kwa haki, kwamba aliyeketi dirishani alijitafutia. Badala yake aliuacha mkutano uliokuwa ukimsikiliza akamfuata mmoja aliyekuwa hasikii. Hatuoni katika habari hii yote neno moja la kumkemea Eutiko, wala pale chini, wala aliporudishwa juu. Na kabla ya kushuka kwa Paulo wote waliokuwapo walikwisha kukata shauri kwamba kijana amekufa. Aliyegundua kwamba uhai umo ni yule aliyekaribia akamkumbatia. Kutoka dirishani, orofa ya tatu, usiku, haingewezekana kuujua.

Katika historia ya Kanisa yuko padre mmoja aliyeyafahamu mambo haya kuliko wengi. Mtakatifu Yohane Bosko alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, Italia ya kaskazini, na baba yake alifariki naye hajatimiza miaka miwili. Alipopewa upadre mwaka 1841 alikwenda kukaa katika mji wa Torino, ambako wavulana wengi walikuwa wakifika toka mashambani kutafuta kazi ya ujenzi na ya viwanda, kama wafikavyo leo Kariakoo na Mwanza. Mwalimu wake Padre Yosefu Cafasso, ambaye naye ni mtakatifu, alimchukua kutembelea magereza. Huko akawakuta wavulana wa miaka 12 mpaka 18, wenye afya na akili nzuri, wameketi bila kazi wakiliwa na wadudu. Walakini kilichomshtua zaidi ni kwamba wengi waliotoka na nia thabiti ya kuongoka walirudi gerezani baada ya muda mfupi. Alipochunguza aliona sababu: walipofunguliwa hapakuwa na mtu aliyewangoja. Akajiuliza kama vijana hao wangalirudi gerezani endapo wangalikuwa na rafiki huko nje. Kazi yake yote ya miaka 46 iliyofuata, mpaka kufa kwake tarehe 31 Januari 1888, ilikuwa ni kulijibu swali hilo.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo sana. Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alikuwa akijitayarisha kwa Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja yatima wa miaka 16, mjenzi, Bartolomeo Garelli, akachungulia mle ndani. Mtunza sakristia akamtaka atumikie Misa. Alipojibu kwamba hajui, akampiga na kumfukuza. Padre Bosko akaagiza aitwe tena, akisema kwamba kijana yule ni rafiki yake. Hakuwa amemwona hata siku moja! Baada ya Misa akamwuliza habari zake kwa upole: wazazi, hakuna, kusoma, hajui, Komunyo ya kwanza, bado. Hakuanza na Amri Kumi. Alianza kwa kumfanya atabasamu, halafu akamfundisha ishara ya msalaba, akamwomba arudi na wenzake. Twaomba msomaji aone kwamba siku ile walikuwapo watu wawili wa Kanisa mbele ya kijana mmoja, mmoja na fimbo, na mmoja na kiti. Wote wawili walidhani wanaitunza nyumba ya Mungu.

Wala upole wake haukuwa wa maneno matupu. Ipo mikataba ya miaka ya 1851 na 1852, yenye saini yake, aliyofanya na mafundi waliowachukua vijana wake kujifunza kazi. Ndani yake fundi aahidi kumfundisha kijana ufundi kweli, kutompiga, na kumpa nafasi ya kupumzika siku za sikukuu. Padre aliyetia saini karatasi ya namna hiyo alijua kwamba kijana aliyeanguka ahitaji sala, na pia ahitaji patasi, nyundo, na mkubwa asiyemwonea. Wana wake, mapadre na mabruda Wasalesiani, wako Tanzania tangu mwaka 1980, na shule zao za ufundi, kama ile ya Dodoma, zaendelea na kazi hiyohiyo.

Hapa msomaji ataturudi: "Sisi si watakatifu, wala parokia yetu haina shule ya ufundi. Nani atashuka?" Twajibu kwamba mtu huyo amekwisha kuteuliwa, na jina lake limeandikwa katika kitabu cha parokia. Ni msimamizi wa Kipaimara.

Kanuni ya 892 yamwagiza msimamizi aangalie kwamba yule aliyeimarishwa aenenda kama shahidi wa kweli wa Kristu na kutimiza kwa uaminifu wajibu utokanao na Sakramenti hiyo. Haisemi lolote juu ya saa ya mkononi wala juu ya suti. Lakini twajua jinsi wasimamizi wanavyochaguliwa: mjomba mwenye gari, mwajiri wa baba, mtu wa mjini atakayeleta zawadi. Siku ile huweka mkono begani pa mtoto mbele ya Askofu, na mkono huo hauonekani tena mpaka kadi ya harusi. Mzazi asemaye mtoto amemshinda angefaa kwanza aulizwe: msimamizi wake ni nani, na amepewa habari? Mara nyingi hajapewa. Wazazi waona haya. Wadhani kwamba kumwambia msimamizi ni kuitangaza aibu ya nyumba, kumbe ndiye mtu mmoja aliyeahidi mbele ya altare kwamba jambo hili ni lake pia.

Kwa kijana, msimamizi ana faida ambayo baba na mama hawana. Hawakuwa katika vita. Aweza kuja jioni akamchukua kijana shambani au dukani, wakafanya kazi saa mbili wakizungumza habari za mpira, asiulize neno juu ya bhangi. Wiki ya pili aje tena. Wiki ya tatu labda kijana atasema kitu, na labda hatasema. Watu wazima twapenda kulimaliza jambo katika kikao kimoja, pamoja na soda na maazimio. Vijana hawaongoki vikaoni. Wengi wao hujaribu kwanza kumkasirisha yule ajaye kuwasaidia, wapate kujua kama naye atawaacha. Hukosa miadi, hudanganya, hurudia kosa lile lile wiki ile ile. Atakayeshuka ajue mapema kwamba atajaribiwa hivyo, asidhani kwamba kazi imeharibika.

Na ashuke akijua mipaka yake. Iko huzuni ya kijana ambayo ni ugonjwa, na ugonjwa una waganga wake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba yapata nusu ya maradhi ya akili huanza mtu akiwa na miaka 14 au chini ya hapo, na mengi yake hayatambuliwi wala kutibiwa. Kijana asiyelala, asikiaye sauti, au asemaye kwamba amechoka kuishi, asipelekwe kwanza kwa watu wa kukemea mapepo. Twaamini pepo wapo. Twaamini vilevile kwamba Mungu aliwaumba madaktari, na Kanisa lenyewe lataka tiba ifikiriwe kabla ya kumtaja shetani. Hospitali nyingi za mikoa zina mahali pa kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo; iko Mirembe pale Dodoma, na ndugu zetu Walutheri wana hospitali yao ya Lutindi huko Korogwe. Na kijana akitaja kifo, aulizwe wazi kama afikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humwonyesha kwamba mtu mmoja ameona. Asiachwe peke yake usiku huo, na sumu ya panya na dawa za shambani ziondolewe nyumbani.

Liko jambo jingine zito, na gazeti la Kanisa halina ruhusa ya kulipita. Wapo vijana walioharibika kwa sababu mtu mzima aliwaharibu: ndugu, mwalimu, jirani, na hata, kwa aibu yetu kubwa, mtumishi wa altare. Asikiaye habari hiyo toka kwa mtoto asimwahidi kwamba ataificha. Padre afungwaye na siri ya maungamo hawezi kuifungua kwa lo lote, ila aweza kumsihi mtoto aiseme tena nje ya kiti cha kitubio, kwa mtu wa kumsaidia. Na wengine wote hawana kifungo hicho. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yampa kila mwananchi wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Ipo pia namba 116 ya simu, isiyolipiwa, kwa ajili ya watoto, hapa kwetu na Kenya pia. Na kwa amri ya Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko ya mwezi wa Mei mwaka 2019, mapadre na watawa wote wapaswa kutoa taarifa kwa wakubwa wa Kanisa wajuapo kwamba mwenzao ametenda uovu huo. Wako wadhanio kwamba kunyamaza ni kulilinda Kanisa. Mtakatifu Karoli Lwanga hakudhani hivyo. Alikuwa mkubwa wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, nao vijana walikuwa wakitakiwa kwa mambo machafu. Alisimama kati yao na mfalme, akiwaficha na kuwakinga, naye alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mdogo wao, Kizito, aliuawa siku ile ile naye alikuwa na miaka 14 hivi. Kwa sababu hiyohiyo twasema: atakayemtunza kijana amtunze mahali pa wazi, mchana, mzazi akijua, asimwite chumbani usiku kwa kisingizio cha ushauri. Mwenye nia njema hatazuiliwa na mlango ulio wazi.

Kwenu wazazi twataka kusema neno moja kabla hatujaweka kalamu. Si kila kijana aangukaye amelelewa vibaya. Watu wa jumuiya watasema ndivyo, tena watalisema mkiwa mnasikia. Mtoto wa miaka 12 aliwapotea hata Maria na Yosefu, wakamtafuta siku tatu, na alipopatikana jibu lake halikufahamika kwao. Injili haikuona haya kuliandika hilo. Nanyi msione haya kumwendea msimamizi, au mwalimu wa dini, au jirani mmoja wa jumuiya ajuaye kufunga mdomo. Mlango wa nyumba usifungwe kwa kufuli wakati kijana yuko nje, hata akirudi usiku wa manane amenuka pombe. Aingie, ale, alale. Maneno yangoje asubuhi.

Kwa maparoko na Halmashauri za Walei twaomba mambo machache yasiyohitaji fedha. Kitabu cha Kipaimara kifunguliwe, waandikwe wote walioimarishwa katika miaka mitatu iliyopita, na kila jina liulizwe katika jumuiya yake: yuko wapi, na nani amemwona mwezi huu? Wasimamizi waitwe kwenye semina kabla ya Askofu kufika, siyo kwa mazoezi ya kupanga mistari tu. Na asiyeweza kumtembelea mtoto walau mara nne kwa mwaka ashukuriwe, kisha atafutwe mwingine. Viongozi wa kwaya walete kwa paroko majina ya walioondolewa kwa sababu ya mimba au kosa la namna hiyo, na mtu mmoja mwenye busara awatembelee nyumbani. Sare zao, kama bado zimo kabatini, aende nazo.